Nakshi za Shaba za Mafundi wa Kale wa Kiislamu

Katika masomo ya Historia hapa shuleni twajifunza habari za makhalifa: nani alimrithi nani, vita gani vilipiganwa, na mji upi ulitekwa mwaka gani. Habari hizo ni za lazima, nazo huulizwa katika mtihani. Lakini wako watu wengine wa zamani zile zile ambao vitabu vyetu vya darasani huwapita upesi mno. Hao ni mafundi: waliofua shaba, waliosubu vyombo katika kalibu, na waliokata nakshi.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, umri wangu miaka 19. Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma habari za mafundi hao katika maktaba yetu, nami nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili, wanafunzi wenzangu na kaka zetu waliotutangulia, mambo matatu: mafundi hao walipata wapi elimu yao, walifanyaje kazi yao, na nakshi zile zilikuwa na maana gani. Mwishoni nitasema neno juu yetu sisi wenyewe, na neno hilo huenda lisimpendeze kila mtu.

Labda mtu atauliza: shule yetu ni ya misheni, vyombo vya Waislamu vyatuhusu nini? Namjibu ya kwamba asikilize kwanza maneno ya kinywa chake mwenyewe. Anaposema birika, sinia, kalibu na nakshi, anatumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Jibu la pili atalikuta mbele, nitakaposimulia habari za beseni mbili.

Elimu yao ilitoka wapi

Mtume Muhammad alifariki mwaka 632. Katika muda wa miaka 20 hivi baada ya hapo, majeshi ya Waarabu yalikwisha kuteka Shamu, Misri, Iraki na sehemu kubwa ya Uajemi. Shamu na Misri zilikuwa chini ya Kaisari wa Konstantinopoli, na Uajemi ilikuwa chini ya wafalme wa ukoo wa Sasani. Pande zote mbili zilikuwa na mafundi hodari wa madini tangu zamani. Waajemi walijua kufanya sahani za fedha zenye picha ya mfalme akiwinda simba. Watu wa Shamu na Misri walijua kufanya taa na vyetezo vya shaba.

Basi serikali ilibadilika, lakini mafundi hawakufukuzwa. Aliyekuwa akifua sahani jana aliendelea kufua leo, akamwuzia bwana mpya. Ndiyo sababu wataalamu mara nyingi hupata taabu kuamua kama sahani fulani ya Uajemi ilifanywa kabla ya Waislamu kuja, au miaka 100 baadaye. Jambo hili ni la kukumbuka: sanaa ya Waislamu haikuanza kwa kubomoa kazi za wengine. Ilianza kwa kuzipokea, kisha kuzigeuza polepole mpaka zikawa kitu kipya.

Mfano mzuri tunauona Yerusalemu, katika jengo liitwalo Kuba ya Mwamba. Khalifa Abd al-Malik wa Bani Umayya ndiye aliyelijenga, nalo lina tarehe ya mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692 B.K. Ndani yake, boriti zinazounganisha nguzo zimefunikwa kwa mabamba ya madini yaliyogongwa kwa nyuma hata nakshi zikatokeza mbele. Nakshi zenyewe ni mizabibu, majani na vichala vya zabibu, nazo zilipakwa dhahabu na rangi. Mtu aliyezoea makanisa ya kale ya Shamu angeyatambua majani yale mara moja. Lakini hapo hapana picha ya mtu wala ya mnyama. Mizabibu imebaki, watu wameondoka.

Khalifa huyo huyo alifanya jambo jingine ambalo mtu aweza kulishika mkononi. Hapo kwanza Waarabu walitumia fedha za wengine: dinari za dhahabu zilizoiga zile za Kaisari, na dirhamu za fedha zilizoiga zile za Waajemi. Kwa miaka michache Abd al-Malik alipiga dinari zenye sura ya khalifa amesimama na upanga. Kisha, mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697 B.K., akaondoa sura zote. Dinari mpya, yenye uzito wa gramu 4 na robo hivi, ilikuwa na maandishi matupu pande zote mbili. Hapo kabla mtu alitambua fedha kwa kutazama uso wa mfalme. Tangu siku hiyo alitambua kwa kutazama maneno. Tangu hapo maandishi yalizidi kuwa pambo kuu la Waislamu.

Birika la jogoo na ndege wa Sulaiman

Katika Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu mjini Kairo kuna birika la shaba ambalo kila kitabu cha mambo haya hulitaja. Urefu wake ni karibu sentimita 40. Tumbo lake ni la mviringo, limezungukwa na safu ya matao yaliyochorwa, na chini ya matao mna wanyama na ndege. Mdomo wa kumiminia maji ni jogoo: amekunja shingo, ametandaza mbawa, na kinywa chake kimefunguka kama anayewika. Maji hutoka kinywani mwake.

Watu huliita birika la Marwan, kwa sababu lilipatikana karibu na Abusir al-Malaq katika nchi ya Misri, mahali ambapo khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Dameski, Marwan wa Pili, aliuawa mwaka 750 alipokuwa akiwakimbia Bani Abbasi. Jina la Marwan halikuandikwa juu ya birika, basi haiwezi kuthibitishwa kama lilikuwa lake. Lakini ye yote aliyekuwa mwenyewe, fundi alifanya kazi ya akili. Jogoo huwika alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya kunawa. Mimi naona kwamba fundi alitaka chombo kiseme kazi yake pasipo maneno.

Chombo cha pili ni ndege wa shaba aliyefanywa kama tai, naye yuko katika jumba la Hermitage huko St Petersburg, Urusi. Alikuwa chombo cha maji vile vile. Juu yake yameandikwa jina la fundi, Sulaiman, na mwaka, 180 wa Hijra, yaani 796 au 797 B.K. Huo ndio wakati wa Khalifa Harun al-Rashid, ambaye jina lake twalijua kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Katika vyombo vya madini vya Kiislamu vilivyoandikwa mwaka wake, huyu ni miongoni mwa vya zamani kabisa. Tafadhali, msomaji, lishike jina hilo la Sulaiman, tutalirudia.

Namna ya kazi yenyewe

Watu husema "shaba" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini fundi hutambua aina tatu. Ya kwanza ni shaba nyekundu, isiyochanganywa na kitu. Huyeyuka katika joto la sentigredi 1,085, ni laini, na hufulika vizuri kwa nyundo. Ya pili ni shaba iliyochanganywa na bati safi (sisemi juu ya mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki). Mchanganyiko huo huyeyuka upesi zaidi, hutiririka vizuri ndani ya kalibu, na ukipoa huwa mgumu. Ya tatu ni shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki.

Wanaosoma Kemia wataona hapo pana kitendawili. Zinki huchemka na kuwa mvuke katika joto la sentigredi 907, kabla ya shaba kuyeyuka. Basi mtu akiitia zinki motoni wazi wazi, itaruka hewani na kupotea. Mafundi wa zamani walifanya hivi: walichukua mawe yenye zinki, wakayasaga, wakayachanganya na makaa na vipande vya shaba, wakavifunga vyote ndani ya chungu, kisha wakakitia chungu motoni. Mvuke wa zinki, kwa kukosa njia ya kutoka, uliingia katika shaba, na shaba nyekundu ikageuka manjano kama dhahabu. Hawakujua jina la Kemia kama tulijuavyo sisi, lakini kazi yake waliijua.

Chombo chaweza kufanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusubu. Fundi hufanya kwanza mfano wa chombo kwa nta, pamoja na mapambo yake. Huufunika mfano huo kwa udongo laini, huacha matundu, kisha huupasha moto. Nta huyeyuka na kutoka, na ndani ya udongo hubaki nafasi tupu yenye umbo lile lile. Hapo humimina shaba iliyoyeyuka. Ikipoa huvunja udongo, na chombo hutokea. Kalibu hiyo haiwezi kutumika mara ya pili. Kila chombo kina kalibu yake.

Njia ya pili ni kufua. Fundi huchukua bamba na kuligonga juu ya fuawe, akilizungusha kidogo kidogo, mpaka linakuwa bakuli au sinia. Shaba ikigongwa sana huwa ngumu na huweza kupasuka. Basi kila mara hulirudisha motoni ili lilainike, kisha huendelea.

Baada ya umbo huja nakshi. Kwa tindo na nyundo ndogo fundi hukata mistari juu ya uso wa shaba. Akitaka nakshi zitokeze, hugonga kwa nyuma. Na akitaka uzuri wa juu kabisa, hutia njumu. Njumu hutiwa hivi: fundi huchimba mahali pa nakshi kwa tindo, na kingo za shimo huzikata kwa ndani, hata chini pawe papana kuliko juu. Kisha hukata kipande chembamba cha fedha au cha shaba nyekundu cha kadiri ile ile, hukitia ndani, na kukigonga. Fedha, kwa kuwa ni laini, hupanuka na kuingia chini ya zile kingo, ikashikwa huko. Hapana gundi wala misumari. Mwisho hujaza sehemu za katikati kwa kitu cheusi kama lami, ili fedha ing'ae nyeupe, shaba ya manjano iwe kama dhahabu, na shaba nyekundu ionekane kama damu. Rangi nne katika chombo kimoja, na hapana hata moja iliyopakwa kwa burashi!

Aina nne za nakshi

Aina ya kwanza ni majani. Ule mzabibu wa Kuba ya Mwamba uliendelea kukua mikononi mwa mafundi. Shina lilianza kujisokota, jani likazaa jani jingine, mpaka mtu hawezi tena kusema huo ni mmea gani. Si mzabibu wala si mnazi. Ni mwendo wa kukua tu, usio na mwanzo wala mwisho.

Aina ya pili ni maumbo ya jometri. Katika Msikiti Mkuu wa Dameski, uliojengwa na Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya 8, kuna madirisha ya marumaru yaliyokatwa kwa mistari inayopishana, na kwa wakati wake nakshi za namna hiyo zikaenea katika mbao, katika vigae na katika shaba. Kila mwanafunzi aweza kujaribu kwa bikari. Chora duara. Usibadili upana wa bikari. Weka ncha yake mahali po pote juu ya duara na tia alama, kisha hamia kwenye alama hiyo na utie nyingine, hivyo hivyo mpaka umezunguka. Utarudi mahali ulipoanzia baada ya hatua 6 kamili, kwa sababu upande wa pembe sita ni sawa na nusu ya kipenyo. Sasa unganisha alama kwa kuruka moja moja, nawe utapata pembetatu mbili zilizopandana, yaani nyota ya ncha 6. Tena, kila alama yaweza kuwa kitovu cha duara jipya, na kila duara jipya litazaa alama nyingine. Karatasi itakwisha, lakini nakshi haitakwisha. Fundi wa zamani alihitaji vitu viwili tu, bikari na rula, pamoja na akili ya kujua mahali pa kusimama.

Aina ya tatu ni maandishi. Hapo kwanza yalikuwa ya hati ya Kikufi, yenye herufi nzito zilizonyoka; baadaye herufi zikaota majani mwishoni mwake. Yameandikwa nini juu ya vyombo? Mara nyingi ni maombi kwa ajili ya mwenye chombo. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kusikia ya kwamba ataelewa baadhi ya maneno hayo, maana hurudiwa "baraka", "salama" na "daima", kisha huja neno la "kwa sahibu wake", yaani mwenye kitu. Jina la sahibu huyo mara nyingi halikuandikwa. Hapo twajifunza jambo la biashara: fundi alifanya vyombo vingi kwa ajili ya soko, na kila anunuaye alipata baraka zake, awe tajiri wa mjini au mchuuzi wa njiani.

Aina ya nne ni watu na wanyama, na hapa watu wengi hukosea. Husemwa ya kwamba Waislamu walikatazwa kabisa kuchora viumbe. Ukweli ni huu: Kurani yakataza kuabudu sanamu, maneno ya kuwaonya wachora viumbe yamo zaidi katika Hadithi. Ndani ya misikiti makatazo yalishikwa sana. Lakini majumbani na katika majumba ya wafalme mambo yalikuwa mengine. Katika jumba dogo la Qusayr Amra, lililoko katika nchi ya Yordani na lililojengwa kabla ya mwaka 750, kuta zimejaa picha za watu. Basi tukiona wapanda farasi na wapiga zumari juu ya birika la shaba tusistaajabu.

Kwa nini shaba, wala si dhahabu?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Katika Hadithi Waislamu wameonywa wasinywe wala wasile katika vyombo vya dhahabu na fedha. Matajiri wengi hawakulifuata onyo hilo, na wafalme walikuwa na vyombo vya dhahabu tele. Lakini viko wapi leo? Dhahabu ina adui mmoja naye ni thamani yake. Kila palipotokea vita au njaa, vyombo viliyeyushwa vikawa fedha za kulipa askari. Mjini Kairo, katika miaka ya 1060, Khalifa al-Mustansir alishindwa kuwalipa askari wake, nao wakaiteka nyara hazina yake. Vitu vilivyokusanywa kwa vizazi vingi vikatawanyika.

Shaba ni madini ya watu wa kawaida. Fundi aliyetaka kuipa heshima hakuweza kutegemea thamani ya kitu chenyewe. Alitegemea kazi ya mkono wake. Ratili moja ya shaba yaweza kuwa sufuria ya bei ndogo, au yaweza kuwa chombo ambacho wafalme watagombania. Shaba ni ile ile. Tofauti yote imetoka kwa fundi.

Ndoo ya Herat

Ushahidi wa maneno hayo ni ndoo moja ndogo iliyofanywa mjini Herat, ambao sasa umo katika nchi ya Afghanistan. Wataalamu huiita ndoo ya Bobrinski, kwa jina la Mrusi aliyekuwa nayo zamani, nayo imo katika lile jumba la Hermitage. Kimo chake hakifiki sentimita 20, yaani ni ndogo kuliko ndoo tunazochotea maji ya kuoga. Ilifanywa mwezi wa Muharram mwaka 559 wa Hijra, yaani Desemba 1163.

Mwili wake wote umezungukwa na mikanda ya njumu za fedha na shaba nyekundu. Wamo wapanda farasi, wapiga ngoma, na watu wanaocheza mchezo wa bao la Kiajemi. Katika mkanda mmoja herufi zenyewe zimegeuka watu: ncha za juu za herufi ni vichwa na viwiliwili, hata maneno ya maombi yanaonekana kama watu wanaofanya karamu.

Lakini lililonishangaza mimi si nakshi; ni majina. Juu ya ndoo hiyo yameandikwa majina ya watu wanne. Mmoja aliagiza ifanywe. Mmoja, mfanyabiashara wa ukoo wa Zanjan, ndiye iliyefanywa kwa ajili yake. Na wawili waliobaki ni mafundi: Muhammad bin Abd al-Wahid aliyeiunda, na Masud bin Ahmad aliyeipamba. Masud ameitwa "al-naqqash", yaani mtia nakshi. Nalo ndilo neno letu lile lile. Mwenye mali na mwenye nyundo wameandikwa pamoja juu ya chombo kimoja.

Kutoka Herat mpaka kanisani

Mwaka 1221 na 1222 Wamongoli waliuharibu mji wa Herat. Wataalamu wengi hufikiri ya kwamba baadhi ya mafundi wa Uajemi walikimbilia magharibi na elimu yao. Lililo hakika ni kwamba wakati huo huo kazi ya njumu ilistawi sana Mosul, katika Iraki. Birika moja mashuhuri la Mosul limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London. Lilitiwa nakshi mwaka 629 wa Hijra, yaani 1232 B.K., na Shuja bin Mana, naye ameandika jina lake na mji wake shingoni mwa birika. Mwaka 1262 Wamongoli wakauteka Mosul pia, na kazi hiyo ikaendelea Dameski na Kairo.

Sasa nazitaja zile beseni mbili nilizoahidi. Ya kwanza ilifanywa kwa ajili ya Sultani wa Misri, al-Salih Ayyub, aliyetawala kutoka 1240 hata 1249. Ni ya shaba ya manjano yenye njumu za fedha. Juu yake pana jina la Sultani Mwislamu, na pamoja na jina hilo zimo picha za maisha ya Yesu! Leo imo katika jumba la Freer mjini Washington. Ya pili imo Louvre, Paris. Huitwa beseni la ubatizo la Mtakatifu Louis, lakini mfalme huyo alikufa mwaka 1270, na beseni lenyewe lilifanywa katika karne ya 14 na Muhammad bin al-Zayn, fundi wa dola ya Wamamluki wa Misri na Shamu. Lilipelekwa Ufaransa, na mwaka 1606 likatumika kumbatizia mtoto aliyekuja kuwa Mfalme Louis wa 13. Muhammad bin al-Zayn aliandika jina lake juu ya beseni hilo mara 6. Hivyo mtoto wa kifalme alibatizwa katika maji yaliyozungukwa na jina la fundi Mwislamu, wala maji hayakuharibika.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo haikuwa mbali na mambo haya. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yenye kuota majani, yaliyokatwa juu ya jiwe la matumbawe, na mwaka wake ni 500 wa Hijra, yaani 1107 B.K. Na masultani wa Kilwa walipiga fedha zao ndogo za shaba, zenye maandishi pande zote mbili bila sura ya mtu, kwa desturi iliyoanzishwa na Abd al-Malik huko Dameski.

Neno juu yetu

Kila mmoja wetu alikuja shuleni na sanduku la bati. Limo chini ya kitanda chake sasa hivi, limepakwa rangi, na juu yake fundi amegonga mistari na pengine maua ili bati lisipinde. Ni nani kati yetu ajuaye jina la fundi wake?

Mjomba wangu ni mfua bati mjini. Hufanya masanduku kama hayo, na sigiri, na taa za mafuta. Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, mbona huandiki jina lako juu ya kazi yako?" Akanijibu, "Mwanangu, anunuaye huuliza bei, haulizi jina." Sikuwa na la kumjibu.

Na sisi tusomao tunazidisha. Mwenzetu akienda shule ya ufundi, husemwa bwenini ya kwamba "ameanguka", nasi humhurumia kana kwamba amefiwa. Twasema kazi ya kichwa ni hii na kazi ya mkono ni ile. Lakini fikirini juu ya Masud wa Herat. Ili afanye ile ndoo alihitaji jometri ya kugawa duara, elimu ya madini na moto, hati nzuri, na macho ya kutazama watu. Hayo ni masomo manne ya ratiba yetu, yote katika vidole vya mtu mmoja. Aliyebaki na kichwa bila mkono, au mkono bila kichwa, asingeweza kuimaliza.

Karakana yetu ya chuma imefungwa tangu mwalimu wake alipostaafu. Fuawe bado imo, na mvukuto bado unavuta. Wanafunzi 11 wa madarasa ya juu tumeomba ruhusa ya kuitumia siku ya Jumamosi mchana, nasi tumekubaliwa kwa sharti la kwamba apatikane mtu mzima wa kutusimamia na vifaa vya kutosha. Mjomba wangu amekubali kuja mara mbili kwa mwezi. Yaliyopungua ni haya: tindo ndogo, nyundo nyepesi, koleo, mkasi wa bati, na vipande vya shaba vya kujifunzia. Kaka zetu mlio katika kazi za reli, za umeme na za magari, vipande mnavyotupa ninyi vingetutosha sisi kwa mwaka mzima. Anayeweza kusaidia na amwandikie mhariri wa gazeti hili.

Kazi ya kwanza tuliyokusudia ni kibao cha shaba cha mlango wa maktaba, chenye nakshi ya pembe sita niliyoieleza hapo juu. Chini yake kila aliyeshika nyundo ataandika jina lake, na jina la mjomba litakuwa la kwanza.